Kidonge cha Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeharibu sampuli. Tena! Kazi ya wiki nzima imegeuka uji. Kuna mashine yetu ya mawimbi ya sauti, ndiyo inayoukatakata uzi wa DNA vipande vipande ili tuweze kuuchunguza. Mimi nikaiacha ikinguruma huku nabishana na Glovu kuhusu nani kamaliza barafu. Glovu ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina kajipatia kwa kuvaa glovu hata akifungua mlango wa choo. Kuja kushtuka, vipande vimesagika, havifai kitu.

Profesa akapita, akatazama, akasema lile neno lake: "Rudia." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mdomo wangu huu! Mama alikuwa akisema nilizaliwa ulimi ukitangulia, mwili ukafuata kwa kuchoka kungoja.

Kitinda, mdogo wangu, hajapiga simu. Nami sijapiga. Kila mmoja anamngoja mwenzake, ndio ukoo wetu.

Jumatano, 5 Machi

Kitinda amepiga! Ana mimba. Mwezi wa tatu — na hakuniambia mpaka leo! Anasema aliogopa. Ile ya kwanza ilitoka kabla hajamaliza kuitangaza, kwa hiyo hii ameificha, hata kliniki bado hajaenda. Ajuaye ni Shemeji tu, mumewe. Mimi niliyemlea tangu mama alipofariki, niliyemfunga vifungo vya sare ya shule kila asubuhi, naambiwa wa pili.

Nimeona wivu. Kisha nimeuonea aibu wivu wangu. Kisha nimelia kwa furaha ndani ya chumba cha baridi, mpaka Glovu akagonga akiuliza kama nimeganda.

Mtoto wa watu na cherehani yake, na kibao chake mlangoni, na wateja wanamwita Fundi — mimi bado namwita Kitinda. Kitinda mimba wetu. Nadhani nitamwita hivyo hata akizeeka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudia, na safari hii imekubali!

Niyaandike vizuri hapa, maana Jumamosi naenda kwa Kitinda. Kila mara huniuliza kazini nafanya nini hasa, na kila mara najibu hovyo. Safari hii nataka aelewe.

Hivi: DNA ni uzi mrefu mno, umo katika kila seli. Haukai ovyo. Umezungushwa kwenye protini ndogo za mviringo, histoni, pindo moja na nusu na ushei, halafu histoni inayofuata, halafu inayofuata. Uzi pamoja na histoni zake ndiyo kromatini. Pakikazwa, jeni iliyo hapo haisomeki. Imelala. Pakilegea, jeni inasomwa, inafanya kazi. Na nani anakaza, nani analegeza? Histoni zina mikia inayochomoza nje, na kwenye mikia hubandikwa alama. Asetili inalegeza. Methili ina vituko vyake: ikibandikwa hapa inaamsha, ikibandikwa pale inalaza. Kuna vimeng'enya vya kubandika na vimeng'enya vya kubandua, kutwa kucha. Uzi wenyewe haubadiliki hata herufi! Seli ya jicho na seli ya ini zina uzi uleule. Tofauti ni wapi pamefunguliwa, wapi pamefungwa, na lini.

Sisi tunatia dawa inayowafunga mikono wabanduaji wa asetili. Alama zinabaki, uzi unalegea, jeni iliyolala inaamka. Tumeipachika taa ya kijani ili tuione. Leo chini ya darubini sahani nzima imewaka kijani! Profesa mwenyewe amesahau kusema rudia.

Kidonge cha uzi. Ndivyo nitakavyomwambia Kitinda — vidonge vya uzi. Yeye ni mshonaji, atanielewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka kwa Kitinda. Sijui nianzie wapi.

Chumba cha mbele kimejaa sare za shule, zimetundikwa mpaka dirishani. Shemeji hakuwepo, kaitwa kutengeneza friji la bucha. Kitinda kanenepa mashavu, kapendeza. Nikachukua kidonge cha uzi mwekundu mezani pake, nikaufungua kidogo, nikaukaza, nikaulegeza. Nikaubandika chaki kuwa ndiyo asetili. Akaelewa yote! Tena kwa haraka kuliko wanafunzi tunaoletewa. Akasema kumbe kazi zetu ni moja, sema mimi nalipwa kwa kukaa. Tumecheka mbavu hatuna.

Halafu, huku tunaongea, akavuta droo, akatoa dawa yake ya kifafa, akameza moja na chai. Kama kawaida yake. Tangu akiwa msichana, na imemsitiri — hajaanguka miaka mingi, tumeshasahau.

Nikaliona jina kwenye boksi. Jina refu. Nimelisoma wiki hii nzima kwenye chupa iliyo rafu ya juu, karibu na mizani.

Nikamwambia hii ndiyo ile. Akauliza ipi. Inayolegeza, nikasema. Akacheka kwanza — "Kidonge cha kufungua kidonge!" Kisha akaacha kucheka. Akauliza, na mtoto?

Nikamweleza. Kwamba mtoto tumboni ni jeni kufunguka na kufungwa kwa zamu. Hii ifunguke, kidole kitokeze, ifungwe. Ile isubiri. Dawa ikipita kwenda kwake inaweza kuvuruga zamu. Nikataja uti wa mgongo. Nikataja akili. Yote ni kweli, yamo vitabuni, daktari yeyote anayajua. Akawa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na bado ana sindano katikati ya midomo.

Akauliza, sasa nifanye nini, Dada?

Nikasema, "Ningekuwa wewe, nisingemeza hata kimoja."

Nikamwambia pia aende kwa daktari mapema. Nadhani nilisema. Nilisema, lakini nilikuwa nimeshasimama, natafuta mkoba.

Najuta kumtia hofu. Ila bora ajue. Au siyo?

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia. Sauti ya kawaida, anachekacheka, anashona kola. Nilitaka kumuuliza habari ya dawa. Sikutaka kumharibia siku. Tumeongea kuhusu majina ya watoto.

Jumanne, 11 Machi

Nimemsimulia Glovu kisa cha chupa na boksi, kama ajabu ya dunia. Glovu akaweka pipeti chini. Akavua glovu — mimi sijawahi kuona! Akaniuliza, ameacha? Nikasema sijui. Akasema mtu wa kifafa haachi dawa kwa mkupuo, mwili unalipiza. Inapunguzwa polepole, na nyingine inaingia mahali pake, na daktari anasimamia. Ana kaka yake mwenye kifafa, anajua.

Na mimi najua! Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nikimshikia Kitinda kichwa kisigonge sakafu, nikimgeuza ubavu, kabla hatujapata dawa. Nilikijua kifafa kabla sijaijua histoni. Jumamosi nilikuwa wapi?

Nikampigia palepale, karibu na sinki. Akajibu kwa furaha kabisa: "Nimeacha tangu siku ile, Dada. Si ulisema?"

Nikamwambia ameze leo hii hii. Akaniuliza: "Juzi inamvuruga mtoto, leo nimeze. Nishike lipi?" Nikamweleza hatari ya kuacha ghafla. Akasema ameelewa, lakini naisikia sauti ya mtu asiyekubali. Hatari yangu ya leo ni maneno tu. Ile ya Jumamosi aliiona kwa macho, uzi mwekundu umelegea mkononi mwangu. Nilieleza vizuri mno!

Amekubali kwenda kwa daktari Alhamisi, Shemeji akipata nafasi ya kumpeleka. Nimesema kesho nitakwenda nimchukue mwenyewe.

Sahani zetu ukiziosha dawa, alama zinabanduka, haifiki jioni taa zimezimika. Zimesahau. Kitinda nimemwosha kwa maneno nusu saa nzima na hajasahau kitu. Ulimi hauna mfupa, lakini kumbe unaacha alama.

Jumatano, 12 Machi

Sikwenda. Wageni wa Profesa, kutoka chuo kingine, walitaka kuona seli za kijani. Nikasimama mbele yao nikaeleza vidonge vya uzi. Wakapiga makofi.

Alhamisi, 13 Machi

Ameanguka.

Asubuhi, akinyoosha sare. Shemeji alikuwa nje anawasha gari wampeleke kwa daktari. Kwa daktari! Mteja ndiye aliyesikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa juu ya mkono wake.

Wamemdunga sindano, ametulia. Hajaniona. Amelala.

Mtoto hawajasema.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Moyo wa mtoto unapiga. Nimeusikia mwenyewe kwenye ile mashine — mbio mbio, cherehani ya umeme. Mengine hayajulikani bado, mpaka kipimo cha mwezi ujao, na mengine mpaka azaliwe, akue, aongee. Hakuna wa kuniambia leo kwamba hapana madhara, wala kipi kilichoyaleta: dawa aliyomeza au dawa aliyoacha.

Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole, miwani kaining'iniza shingoni. Akamuuliza Kitinda kwa nini aliacha. Mimi nimesimama mlangoni, nikajua sasa yamefika. Na Kitinda — mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, mdomo umevimba kwa kujiuma — akasema kwa fahari kabisa: "Dada yangu ni mtaalamu wa mambo haya. Alinielewesha." Akanitazama ili niendelee, nimweleze daktari. Akataka nimwonyeshe ule uzi!

Heri angenitukana.

Daktari akanigeukia. Akasema nilichosema kuhusu dawa ile si uongo, na laiti angekuja kabla ya kushika mimba wangemhamishia nyingine taratibu. Akaniuliza kama kule maabara huwa tunakizimisha kitu ghafla tu ili tuone kitatokea nini. Hakuwa ananisuta, alikuwa anauliza. Nikasema ndiyo, ndiyo kazi yetu. Akatikisa kichwa, akaandika.

Shemeji akanitoa nje, korido, karibu na ndoo za usafi. Huyu ndiye anayeniita Mama Mkwe kwa utani, kwa vile mke wake nimemlea mimi. Leo akaniita Shemeji. Akasema kwa sauti ndogo. Kwamba mimi nina seli, zikifa natupa natia nyingine, na yeye ana mke mmoja. Kwamba tangu leo nisimwambie mke wake lolote kuhusu dawa, hata panadoli. Niape.

Amenipa kidonge changu, na nimekimeza. Nikaapa.

Jumamosi, 15 Machi

Wamenituma nikamletee kanga na nguo za kubadili. Chumba cha mbele bado kina harufu. Sare iliyokuwa mezani ina alama ya pasi, umbo zima, nyeusi. Juu ya cherehani kipo kidonge cha uzi mwekundu, nusu kimefunguka, kama nilivyokiacha. Na chaki yangu. Hakukirudisha mahali pake. Huyu ambaye hata pini anaiokota!

Akaja mama mmoja kufuata sare ya mwanawe. Nikamwambia Fundi anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Mimi mwenye jibu la kila kitu — nikasema homa.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikawaza jina lile. Kitinda. Nimemwita hivyo tangu anatambaa na sijawahi kulisikia neno lenyewe. Kitinda mimba. Anayeikata mimba. Maana yake ni mtoto wa mwisho tu, kila mtu anajua, hakuna ubaya. Lakini leo nimelitamka peke yangu mle ndani nikaona siwezi kulirudia. Aliyetaka kuikata ni nani, kama si mimi?

Ningalisema "twende kwa daktari" kwanza, na mengine baadaye. Maneno yaleyale, mpangilio mwingine tu. Hilo ndilo somo ninalofundisha watu, kwamba herufi ni zilezile ila mambo yana zamu!

Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Mama alinichosha kwa methali hiyo.

Jumapili, 16 Machi

Hataki kumeza.

Wamempa dawa mpya. Kidogo kwanza, ipande polepole. Sindano za mwanzo zinaisha nguvu na daktari anasema hiyo mpya lazima iingie sasa. Akianguka tena, na tumbo lile! Kitinda anaipokea, anasema asante, wakigeuka anaificha chini ya mto. Muuguzi amezikuta wakati anatandika, zimejipanga.

Shemeji amembembeleza, amefoka, amelia. Anamjibu jambo moja tu: hii nayo inalegeza nini?

Nilikuwa nimekaa palepale, kwenye kiti cha miguuni. Nimemkatia chungwa. Nilimeza maneno, kwa kuwa niliapa. Shemeji alikuwa ananitazama, na sikujua kama ananionya au ananiomba.

Nimemwarifu Profesa kwamba sitakuja kesho. Akasema pole, chukua muda wako. Glovu atanilishia seli zangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nipo kwenye benchi nje ya wodi. Nimeomba kwenda msalani, nikaishia hapa.

Asubuhi mkono ulianza kumrukaruka. Ule mzima, wa kushoto, vidole vyenyewe kwa vyenyewe. Ukatulia. Lakini namjua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikianza, alipokuwa mdogo, nami naweka mto sakafuni. Daktari ameona. Amesema leo si siku ya kusubiri. Amesema dawa hii ni salama zaidi kwa mtoto kuliko ile ya zamani, wameitumia kwa wajawazito wengi.

Salama zaidi. Hakusema salama. Nami neno "zaidi" ndilo linalonipa mshahara, nalijua uzito wake wote. Nimeisoma dawa hiyo jana na leo, kila nilichoweza kukipata kwenye simu. Niliyoyasoma yanatia moyo. Si mapya, si machache, yanatia moyo kweli. Lakini hakuna ukurasa uliosema: huyu, mtoto wa Kitinda, hatadhurika.

Kisha, nikiwa koridoni nasoma simu, Shemeji akatoka kunifuata. Alisimama mbele yangu, mikono ya fundi, kucha zina grisi bado, hajui aiweke wapi. Akasema, "Mama Mkwe. Njoo useme."

Basi, nikaingia.

Muuguzi kasimama na kikombe kidogo cha plastiki, Shemeji kashika maji. Nikakaa kitandani. Nikaanza — Mungu nisamehe! — nikaanza kueleza. Kwamba hii haishiki wale wabanduaji, inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwamba mikia ya histoni... Kitinda akaniwekea kiganja mdomoni, kile chenye bandeji. Kinanuka dawa ya kuungua.

"Usinieleze, Dada. Ukinieleza naelewa." Akakichukua kidonge kikombeni. Cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati. "Niambie tu. Ungekuwa mimi, ungemeza?"

Siku ile nilijibu kabla hajafunga mdomo. Leo najua jibu, ninalo, ni neno moja. Na nikaomba kwenda msalani!

Naogopa. Niandike hivyo hivyo: naogopa. Nikisema meza, na mtoto akaja na kasoro, atakuwa amemeza kwa neno langu. Nikinyamaza akaanguka, ni kwa neno langu lile la kwanza. Hakuna pa kusimama ambapo sipo.

Mlango wa wodi uko wazi, namwona kutoka hapa. Muuguzi anatazama saa. Shemeji bado ameshika bilauri. Kitinda amekaa wima, amenielekea mimi. Haulizi tena. Vidole vya kushoto vimeanza.

Amekifumba kidonge mkononi. Nakwenda kumjibu.